Chawa Hawakutoka Kwenye Kigoda cha Wifi Yangu

Kwanza niseme lililo kweli, maana nimeisikia habari hii kwa namna nne na hakuna hata moja iliyofanana na nyingine. Si kweli kwamba wifi yangu alifunga chumba chake cha kusukia. Si kweli kwamba bibi harusi alinyolewa kipara. Si kweli kwamba chawa walionekana wakiruka kutoka dirishani kwetu kwenda ng'ambo ya barabara. Chawa hana mabawa, na miguu yake sita yote ni ya kushikilia na kutambaa, hawezi kuruka hata upana wa kidole. Na si kweli kwamba mimi nilizimia. Nilikaa chini. Kukaa chini na kuzimia ni vitu viwili, na aliyefundisha shule miaka thelathini na moja hawezi kuvichanganya.

Chawa, lakini, walikuwepo. Hilo sitalikana.

Wifi yangu ni dada wa marehemu mume wangu. Mtaani wanamwita Fundi, na wengi hawajui kama aliwahi kuwa na jina lingine. Anaishi nami tangu nilipofiwa, au mimi ndiye ninayeishi naye, hatujawahi kulijadili. Chumba cha mbele, ambacho mume wangu alikijenga kiwe sebule ya wageni, ndicho ofisi yake. Kuna kioo kilichopasuka pembeni, benchi la kusubiria, ndoo yenye mfuniko, na kigoda kifupi anachokalia mteja huku Fundi akiwa nyuma yake kwenye kiti. Ukishakaa pale magoti yake yanakubana mabega, na huendi popote mpaka amalize. Nimewaona wanawake wenye vyeo vyao wakiulizwa pale, "Umetulia?" na wakajibu, "Nimetulia, Fundi."

Aliacha shule darasa la sita. Baba yao alikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, akamchagua wa kiume, na kila muhula kilichopungua kilitoka kwenye vidole vya Fundi, aliyekuwa akisuka kwenye varanda ya jirani kuanzia asubuhi mpaka shingo ziume, yake na za wateja. Mume wangu akasoma, akapata kazi, akanioa mimi niliyesoma pia. Siku ya harusi yetu watu walisema kwamba ukoo huu ni wa wasomi. Fundi alikuwa nyuma yangu akimalizia msuko wa kisogoni, na waliposema hivyo aliuvuta kwa nguvu kidogo kuliko ulivyohitaji. Mvuto ule ninaukumbuka hadi leo.

Ana utaratibu wake ambao hauvunji kwa mtu yeyote. Kabla hajaanza kusuka anakuinamisha kichwa kuelekea dirishani, anazigawa nywele kwa ncha ya chanuo nyuma ya masikio, kisha kisogoni, anatazama. Akiona kitu hasemi mbele za watu. Anasema, "Leo nywele zako zimechoka, njoo kesho asubuhi kabla sijafungua." Kesho yake unakuta maji, mafuta, na kitana chenye meno yaliyobanana. Vitana vyake vyote anavilaza ndooni kwenye maji ya moto, na usiku ndoo inakaa chini ya kitanda chake na haruhusu mtu kuigusa. Miaka hamsini anafanya kazi hii, na hakuna mwanamke mtaani anayejua nani mwingine aliwahi kuambiwa nywele zake zimechoka.

Sasa, Jumatatu moja mjukuu wangu, ana miaka minane, alirudishwa nyumbani kutoka shule saa nne asubuhi na barua mkononi. Barua ilikuwa na neno moja lililopigiwa mstari, na mwandishi wake angeweza kulipigia mstari mmoja tu badala ya miwili. Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu, kuna mwanamke mwenye cherehani tunayemwita Taarifa ya Habari. Sitaeleza kwa nini anaitwa hivyo. Alimwona mtoto, akaiona barua, akauona uso wangu nilipoisoma. Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kuna chawa kwa Fundi, na kabla ya jua kuzama walikuwa wameshajua walikotoka: kwenye kigoda, kwenye vitana, kwenye benchi. Mmoja alisema aliwahi kumwona chawa kwenye kioo.

Jumanne benchi lilikuwa tupu. Fundi alikaa kwenye kiti chake, akafumua uzi wa sweta kuukuu ili vidole visilale.

"Kwenye kigoda changu hawakutoka," aliniambia.

"Najua."

"Hujui, unanipenda tu. Mimi najua."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi ya wiki ile kulikuwa na harusi. Bibi harusi, wasindikizaji wake watano, mama yake na shangazi zake wawili, vichwa tisa, vyote vilikuwa vimeahidiwa kwa Fundi tangu miezi miwili nyuma. Vichwa tisa vya harusi vikimkimbia msusi kwa sababu ya chawa, hakuna kichwa cha kumi kitakachokuja. Mwanamke wa miaka sitini na tatu, asiye na cheti wala kazi nyingine, angebaki na kigoda cha kuwekea sufuria. Alilijua hilo na mimi nililijua, na ndiyo maana hatukulitaja.

Mimi nikatoa ushauri wangu, ambao baadaye nimekubali kwamba ulikuwa wa kijinga. Nilisema tunyamaze. Watu wenye heshima hawasimami mlangoni kubishana juu ya wadudu. Tukijibu, tumekiri.

"Sawa," alisema Fundi. "Wewe ndiye uliyesoma."

Ila kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia. Mimi nilikuwa nawashwa. Nilikuwa nawashwa wiki mbili nzima, nyuma ya masikio na shingoni, na kwa elimu yangu yote nilikuwa nimelaumu kwanza sabuni mpya, kisha joto, kisha kitambaa cha kilemba. Tangu nifiwe nimekuwa nikisuka mwenyewe mistari minne na kuifunika kilemba. Kigoda cha Fundi sikukikalia tena. Baada ya ile barua sabuni ikaacha kunishawishi.

Jumatano nikaenda duka la dawa, si lile la kona yetu, bali la mtaa wa tatu, nikipitia nyuma ya karakana kama mwizi wa kuku. Nilipoingia, nani yuko nyuma ya meza? Mwanafunzi wangu wa zamani. Nimefundisha mno, siwezi kwenda popote.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Naomba dawa ya chawa." Kisha nikaongeza, kwa kuwa alikuwa ananitazama kilemba, "Ni ya mbwa."

"Mmefuga mbwa, Mwalimu?"

"Wa kuazima."

"Ana ukubwa gani?"

"Wa kawaida."

"Manyoya yake marefu?"

"Yanafika mabegani."

Akageukia rafu. Alichukua muda mrefu kuliko rafu ilivyostahili, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu kabisa, nilimfundisha vizuri.

"Mwalimu, dawa ya mbwa siwezi kukupa. Ni kali, mtu akijipaka kwa bahati mbaya itamdhuru. Na tena chawa wa mbwa hawakai kwa watu, wala wa watu hawakai kwa mbwa. Kama huyu wako ana chawa wa kichwani, wale wadogo kama punje ya ufuta, basi ni mbwa wa ajabu."

"Tuseme ni wa ajabu."

"Basi mpe hii. Afuate maelezo, asizidishe. Mafuta ya taa asijipake hata akishauriwa na shangazi yake, watu wameungua. Achanwe kwa kitana chembamba kila baada ya siku mbili tatu, nywele zikiwa mbichi, na dawa arudie siku ya tisa, maana dawa inaua waliokwisha kuanguliwa, mayai yanaweza kubaki. Na watu wote anaolala nao nyumba moja wakaguliwe."

"Nitamwambia."

"Mwambie pia asione haya. Chawa hamwulizi mtu ameoga au hajaoga. Anataka damu na nywele za kushikilia, basi. Akitoka kichwani siku moja au mbili amekufa, kwa hiyo hakai kwenye mabenchi akivizia. Anapita kichwa kwa kichwa, pale vinapogusana." Akaifunga dawa kwenye gazeti. "Maelezo yana maandishi madogo. Ataweza kusoma?"

"Atasomewa."

Nilirudi nyumbani nikaificha chini ya khanga kwenye kapu. Fundi alikuwa ameketi pale pale, sweta limebaki mikono. Hakuinua macho.

"Wifi, kilemba umekifunga mara tatu leo. Mara ya mwisho kukifunga hivyo ilikuwa siku ya mazishi."

"Kuna upepo."

"Humu ndani?"

Akakivuta kigoda kwa mguu mpaka mbele yake, akakipigapiga kofi mara mbili, kama anavyowafanyia watoto. Nikakaa. Ndipo hapo wanaposema nilizimia.

Alikitoa kilemba. Alifumua mistari yangu minne kimya kimya, isipokuwa alipofika wa tatu akauliza ni nani aliyenisuka, nikasema ni mimi, akasema, "Inaonekana." Akaniinamisha kuelekea dirishani. Nilisikia ncha ya chanuo nyuma ya sikio, ikasimama, ikasogea, ikasimama tena.

"Wapo," alisema. "Wamestarehe."

Nikafumba macho. Nilimfikiria mume wangu, na picha yake ya mahafali ukutani chumba cha pili, na nilishukuru kwamba imetazama upande mwingine.

"Tulia. Nakupima."

"Unapima nini?"

"Mayai. Chawa akitaga analigandisha yai kwenye unywele, chini kabisa, kwenye ngozi. Gundi yake huitoi kwa sabuni. Unywele ukiota, ganda linasafiri nao. Na nywele zinaota upana wa ukucha wangu wa dole gumba kwa mwezi, nimezipima miaka yote hii ninapofumua watu." Akaweka ukucha kichwani pangu. "Maganda ya mbali kabisa kwako yako hapa. Ukucha mmoja na robo. Wageni wako wana wiki tano."

"Na mtoto?"

"Nilimtazama Jumatatu. Nusu ukucha. Wiki mbili. Nilipomsuka wiki tatu zilizopita alikuwa safi." Akaondoa ukucha. "Wewe hujakikalia kigoda hiki miaka minne, wifi. Kwa hiyo kwangu hawakutoka."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Ushahidi ulikuwepo, ulikuwa kamili, mwalimu yeyote angeupa alama zote. Tatizo lake ni moja: ulikuwa kichwani kwangu.

"Vichwa vyenu huwa mnaviweka wapi pale mezani?" aliuliza.

Lazima nieleze meza. Kila alasiri ninawasomesha watoto wanne kwenye meza ya kulia chakula: mjukuu wangu, mapacha wa fundi viatu, na binti wa Taarifa. Sitaki malipo, nataka wajue kusoma. Kitabu ni kimoja, changu, na ninaamini mtoto anasoma vizuri zaidi anapofuata kidole cha mwenzake. Kwa hiyo vichwa vinne vinainama juu ya kitabu kimoja, na cha tano ni changu, kwa kuwa macho yangu siku hizi yanataka kuwa karibu na maandishi. Saa moja na nusu, siku tano kwa wiki, masikio yamegusana. Nilikuwa nimejenga daraja, na chawa hahitaji zaidi ya hapo.

"Pamoja," nilisema.

"Ehe."

Nikaitoa dawa kapuni, akanipaka, akaniosha, akanichana kwa kitana chembamba akikipangusa kwenye kitambaa cheupe. Kila baada ya muda alinionyesha kitambaa. Sikuomba kuonyeshwa. Kisha akanisuka mistari kumi na miwili ya kubana, safi, na alipomaliza alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Basi yaishie humu. Mimi ni msusi tu, mimi watanisema, watachoka. Wewe ndiye jina la ukoo."

Akaenda kumwaga maji. Aliamini alichosema, na mimi nilikuwa nimemwacha aamini miaka yote hiyo, kwa sababu kilinifaa.

Ijumaa saa tatu asubuhi mama wa bibi harusi alikuja. Ni mwanamke mpole, mumewe ana duka la vioo, na alikuwa na sura ya mtu anayerudisha mzigo dukani. Taarifa alikuwa nyuma yake; alisema amemsindikiza kwa sababu njia ni moja, ingawa cherehani yake iko hatua kumi na nne kutoka mlangoni kwetu.

"Fundi, dada yangu," alianza mama wa bibi harusi, "hatuna ubaya na wewe. Ila wale shangazi unawajua. Tumepata mtu mwingine, ana nafasi."

"Ana nafasi Jumamosi ya harusi?" alisema Fundi. "Huyo ana bahati."

"Usinielewe vibaya."

"Nakuelewa vizuri."

"Siyo kwamba tunasema ni kwako," Taarifa aliingilia. "Watu wanasema. Sisi tunasikia tu."

Fundi alinitazama mara moja, akatazama mikono yake. Nilikuwa nimemfunga mdomo kwa ushauri wangu, na yeye, aliyeacha shule darasa la sita, alikuwa ananitii mimi niliyesoma. Nikasimama.

"Chawa wametoka mezani kwangu," nilisema.

Wakageuka wote wawili.

"Kwenye masomo. Tunasoma vichwa vimegusana. Mimi nilikuwa nao wiki tano kabla hamjasikia lolote, na kigoda hiki sijakikalia tangu nimzike mume wangu. Fundi amewapima kwa ukucha. Akitaka awafundishe na ninyi, lakini kwa ufupi, hapa kwake hawajapita kabisa."

Taarifa alipanua macho kama aliyepewa zawadi na haamini. "Kwa hiyo, Mwalimu, mwenye chawa ni wewe?"

"Nilikuwa nao. Tangu juzi nimetibiwa, na siku ya tisa narudia. Andika vizuri, usinikosee tarehe."

Nikafungua kilemba. Mistari kumi na miwili, safi, inang'aa. Nilizunguka taratibu wapate kuona na kisogo.

Hapo pakatokea jambo ambalo najua hata msomaji wa ukurasa huu anapambana nalo sasa hivi. Mama wa bibi harusi akapeleka kidole nyuma ya sikio. Akakirudisha haraka. Taarifa akashika utosi, akajifanya anaweka sawa khanga. Kisha na mimi, niliyepona, nikawashwa vibaya sana.

"Kaa," Fundi alimwambia mama wa bibi harusi. "Nikutazame, ulale usingizi."

Akakaa. Akainamishwa dirishani. Nilimwona Taarifa amenyoosha shingo kama twiga. Fundi alitazama nyuma ya sikio la kulia, la kushoto, kisogo, utosi. Hakuharakisha hata kidogo. Nadhani aliongeza dakika kama mbili kwa ajili ya heshima yake.

"Safi. Una mba kidogo."

"Mba naijua," alisema mama wa bibi harusi, na pumzi iliyomtoka ilisikika mpaka barabarani. Alibaki pale chini, magoti ya Fundi yakiwa yamembana mabega. "Yule mwingine," aliuliza baadaye, "naye anatazama hivi kabla ya kusuka?"

"Mimi sijui ya watu."

"Hatazami," alisema mama wa bibi harusi. "Alinipa bei tu." Kisha akasema, "Kesho saa kumi na mbili asubuhi tunakuja. Wote tisa. Na hao shangazi uwatazame mara mbili, wananipandisha presha."

Walikuja. Alivisuka vichwa vyote tisa, na bibi harusi alitoka na nywele zake zote, kama picha zinavyoonyesha kwa yeyote mwenye macho. Jumanne iliyofuata benchi lilijaa mpaka wengine wakasimama, nusu yao hawakutaka kusukwa, walitaka kutazamwa. Mezani kwangu sasa kila mtoto ana kitabu chake; vingine vimechanika, lakini kati ya kichwa na kichwa kuna nafasi ya kiganja, na Fundi hupita akiihakikisha.

Kimebaki kitu kimoja ambacho watu hawakiachi. Ijumaa ile ile alasiri, mapacha wa fundi viatu na binti wa Taarifa waliletwa na mama zao, wakakaguliwa mmoja mmoja mlango ukiwa umefungwa, mimi nikiwa nimeshika taa ya tochi. Wote watatu walikuwa nao. Fundi aliweka ukucha wake kwenye kila kichwa. Kwenye kimoja maganda yalikuwa mbali na ngozi kucha tatu kamili, maana yake miezi mitatu, maana yake mwenye kichwa hicho ndiye aliyewaleta mezani, kwangu, kwa mjukuu wangu, na kwenye midomo ya mtaa mzima. Fundi alinitazama, nami nikamtazama. Alimpaka dawa yule mtoto sawa na wenzake, akamwambia ana nywele nzuri.

Wameniuliza sokoni. Wameniuliza msibani. Mama wa mmoja wa watoto hao, simtaji ni yupi, ameniuliza mara tatu kwa sauti ya huruma, akitaka kujua nani alaumiwe. Ninajua ni nani, na ninajua ni kucha ngapi.

Sisemi.